Nyuzi za fidla ya mwanafunzi: za chuma au za sintetiki?

Dada, salaam kutoka Tanga. Umesema mwanao anajifunza fidla ya robo tatu hapo Bagamoyo, uzi wa A umeanza kufumuka, na unauliza ununue nyuzi za chuma au za sintetiki. Mimi ningemchukulia za chuma, kama D'Addario Prelude. Bei yake nafuu na zikishapandishwa hutulia upesi. Dominant, ambazo ni za sintetiki, zina sauti tamu zaidi, ila hulegealegea siku kadhaa za mwanzo, na mtoto anayeanza jambo hilo humkatisha tamaa. Hakikisha paketi imeandikwa 3/4.

Badilisha zote nne, lakini mmoja mmoja tafadhali! Ukizifungua zote pamoja, daraja (kile kibao kinachobeba nyuzi) litaanguka, na kile kijiti kilichosimama ndani ya fidla kinaweza kuanguka pia. Kukirudisha ni kazi ya fundi. Kabla ya kupitisha uzi, sugua ncha ya penseli kwenye mfereji wake juu ya daraja, uteleze bila kukwama.

Na kwa huu upepo wetu wa bahari, afute nyuzi kwa kitambaa kikavu kila akimaliza kupiga. Uzi wa E ndio huwahi kushika kutu.