Maswali yenu: Wanawake na kamati za amani

Koo mbili za kwetu zimegombana tangu malisho yakauke. Sasa hata sokoni, wanawake wa upande mmoja hawauziwi maziwa na wa upande wa pili. Wazee wamekaa mabaraza matatu bila kuelewana. Sisi wanawake tuanzie wapi? – Msomaji, Isiolo

Anzieni hapo hapo sokoni, msingoje baraza la nne. Mwaka 1993 Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, ilikuwa inawaka kwa vita. Ukame wa 1991 na 1992 ulikuwa umemaliza mifugo, bunduki zilikuwa zinaingia kutoka Somalia, na koo za Ajuran, Degodia na Ogaden zilikuwa zinauana. Wanawake waliokutana harusini, Dekha Ibrahim Abdi akiwemo, ndio waliosema basi. Hawakuanza na mkataba. Walianza kwa kuhakikisha kuwa mwanamke wa ukoo wowote anauza na kununua bila kubughudhiwa, na wakaunda kamati ya kufuatilia kila kisa.

Nanyi chagueni wawili kutoka kila ukoo, watu wanaosikilizwa na wachuuzi wenzao. Kisomo si sharti. Wawepo kila siku ya soko. Mama akitukanwa au akifukuzwa kwenye meza yake, wale wawili wa ukoo wa mkosaji ndio wamwendee huyo mkosaji, siku hiyo hiyo. Akikemewa na wa upande wa pili, mmewasha moto mpya. Wekeni daftari: tarehe, mahali, kilichotokea, nani alikwenda, kiliishaje. Jina la aliyeleta habari msiliandike kabisa, maana daftari hupotea.

Na semezaneni kweli ninyi kwa ninyi. Nyimbo za kuwasifu wavamizi na maneno ya kumwita kijana mwoga kwa kuwa hakwenda kulipiza hutoka vinywani mwa wanawake pia. Kamati isiyokomesha hayo nyumbani kwake haitaaminika kwa jirani.

Wazee wanasema vita si mambo ya wanawake. Tuingie barazani kwa nguvu? – Mama wa watoto wanne, Garissa

Hapana, mtafungiwa mlango. Tafuteni mzee wa ukoo mdogo usiohusika na vita, mumwombe yeye awaite wenzake. Wajir walipita njia hiyo, kwa sababu wazee wa koo kubwa wasingeitikia mwito wa mahasimu wao. Septemba 1993 wazee wakafikia Azimio la Al-Fatah, mapatano ya kurudisha amani kati ya koo hizo. Mwaka 1995 juhudi za wanawake, vijana, wazee na masheikh ziliunganishwa na serikali ya wilaya katika kamati moja, nayo ikawa na kikosi cha kukimbilia mahali penye fununu ya ugomvi kabla damu haijamwagika. Kukaa na serikali kuna faida kubwa: anayevunja makubaliano anajua kuwa polisi wamo ndani.

Kamati ikishateuliwa rasmi, shikeni Katiba ya 2010, kifungu cha 27(8): jinsia moja isizidi theluthi mbili ya wajumbe. Ila msikubali viti vya kumimina chai tu. Ombeni kazi yenye meno, kama kuandika kumbukumbu za kikao au kuhakiki malipo ya fidia.

Msichana amebakwa wakati wa uvamizi. Wazee wanataka yaishe kwa ng'ombe, "ili amani isiharibike". – Msomaji, Marsabit

Hospitali kwanza, leo hii. Dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi hufanya kazi ikianzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita huipunguzia nguvu. Asioge, kama ameshaoga, aende vilevile. Nguo alizovaa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, kwa kuwa plastiki hufungia unyevu na ushahidi huoza. Polisi watoe fomu ya P3, ile ya kuandikia matokeo ya uchunguzi wa daktari, naye daktari aijaze.

Ubakaji ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006. Kifungu cha 159(3) cha Katiba kinakataza utatuzi wa kimila unaovunja haki za binadamu. Wazee waendelee kupatanisha juu ya malisho na visima. Kesi ya msichana huyu iende mahakamani, na kamati yenu imtafutie mama mmoja wa kufuatana naye kila hatua.