Watoe nje kwanza, darasa lifuate

Mwalimu, umeuliza ufanyeje na watoto wa miaka 4 hadi 6 wanaochoka kabla somo la Jumapili halijaisha. Waombe wazazi ruhusa na wasindikizaji wawili watatu, kisha uwapeleke kwenye mibuyu ya Mama Ngina, ufukweni Mombasa, asubuhi, jua halijakaza. Kila mtoto awe na mfuko wa karatasi na sharti moja: aokote kilichoanguka, asichume. Makombe ya pwani yaacheni palepale, maana wapo kaa wanaoishi ndani yake. Waonyeshe hilo, watalikumbuka.

Mkirudi, tumia gundi ya unga wa ngano uliopikwa na maji, ikishapoa kabisa. Wasimulie Mwanzo 1, siku ya tatu, mimea ilipoumbwa, huku wakibandika majani na vijiti. Nakusihi, usiwachoree mfano wa kuiga! Mtoto akigeuza jani akasema ni samaki, muulize anaogelea kwenda wapi, na hapo umeshafika siku ya tano, samaki walipoumbwa, bila kumlazimisha mtu kukaa kimya. Mbegu ndogo ziweke mbali na wale wadogo kabisa; huzitia puani.