Jibu: Kwa nini shamba la mahindi halirudi kuwa mbuga ya nyasi likiachwa tu

Ndugu, umeuliza kwa nini hifadhi ya wanyamapori ya Neal Smith, katika jimbo la Iowa nchini Marekani, ilipandwa mbegu badala ya kuachwa nyasi zijiotee. Jibu ni kwamba mbegu zenyewe hazikuwapo. Sehemu kubwa ya Iowa ilikuwa mbuga ya nyasi ndefu, lakini kilimo kimebakiza chini ya asilimia 0.1 yake, na shamba la mahindi likitelekezwa hutawaliwa kwanza na magugu ya kigeni. Ndiyo maana mbegu zilikusanywa kwenye vipande vilivyonusurika jembe, kama vile kandokando ya reli na makaburi ya zamani, zikapandwa, kisha eneo likawa linachomwa moto kwa mpango ili miti isitawale. Baisani, yaani nyati wa Amerika, waliletwa mwaka 1996. (Ajabu ni kwamba ardhi hiyo ilikuwa imenunuliwa ili kijengwe kinu cha nyuklia.)

Kuhusu kurudisha ardhioevu, yaani maeneo ya majimaji yaliyokaushwa ili yalimwe, kwa maoni yangu hapo ndipo penye kazi ngumu zaidi. Chini ya mashamba ya Iowa wakulima walizika mabomba ya udongo wa kuchoma, ambayo hunyonya maji ardhini na kuyapeleka mtoni. Ukilivunja au kuliziba bomba mahali panapofaa, bonde hujaa maji tena. Hata hivyo, kwa kuwa bomba moja huweza kupitisha pia maji ya shamba la jirani, ni lazima mkondo wake wote ufuatiliwe kabla ya kuliziba, la sivyo mazao ya jirani yatazama.