Pete iliyowaka ukumbini

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema umepata almasi mbili, zote karati moja, zote daraja la rangi I, ila cheti cha moja kinasema fluoresensi, yaani jiwe kuwaka likipigwa na miale tusiyoiona, hakuna, na cha nyingine kinasema ni kali, ya bluu, na hiyo ya pili bei yake iko chini. Unataka kujua kama jambo hilo lina uzito. Ungemuuliza baba yako angekujibu kwa neno moja. Umeniuliza mimi, basi vuta kiti.

Unaukumbuka usiku wa harusi ya dada yako, walipozima taa za kawaida wakawasha zile za zambarau? Mashati meupe yote yaliwaka, maana sabuni ya unga ina dawa inayowaka kwenye mwanga ule, na meno ya mjomba wako nayo yakawaka. Wewe ulikuwa unacheza. Mimi nilikuwa nimeegemeza mkono mezani, na jiwe la pete yangu likawaka bluu, bluu kabisa, kama moto wa jiko la gesi. Shangazi yako alikaa kiti cha pili kutoka kwangu. Akauinua mkono wangu kama mtu anayekagua kitambaa dukani, akasema, "Wifi, kaka yangu alikupa kioo." Meza nzima ikacheka. Nami nikacheka nao.

Yeye huenda alisahau kabla hatujafika nyumbani. Na wala si yeye anayeniuma siku hizi. Kinachoniuma ni kwamba nilimwamini. Kesho yake niliivua pete nikamwambia baba yako inanibana kidole, nikaitia kwenye kopo la vifungo, ikakaa humo wiki tatu. Baba yako hakuuliza, unamjua. Miaka 26 ya ndoa, nami usiku nalala nikijiuliza kama alinidanganya au yeye mwenyewe alidanganywa, na sikujua lipi lingeniuma zaidi.

Mwishowe nikaipeleka kwa sonara, mzee mmoja asiye na haraka. Aligusa jiwe kwa kile kifaa chao kinachopima linavyopitisha joto, akaliangalia kwa lenzi, akakaa kimya muda ambao kwangu ulikuwa mwaka mzima. Kisha akazima taa, akawasha kitochi cha urujuanimno, ile miale isiyoonekana kwa macho. Likawaka tena. "Mama, hii ni almasi," akasema. "Na hiyo bluu ni naitrojeni." Akanieleza kwamba ndani ya kaboni ile kuna mahali ambapo atomi tatu za naitrojeni zimezunguka nafasi tupu, zikipigwa na ile miale tusiyoiona, zinairudisha ikiwa mwanga wa bluu. Kitochi kikizimwa, bluu nayo inaondoka. Katika almasi 100, akasema, 25 hadi 35 hivi huwaka kwa kiasi fulani, na karibu zote ni bluu. Kwa hiyo usiku ule huenda hata pete nyingine ukumbini ziliwaka! Sikuziangalia. Niliangalia yangu tu. Akaniambia pia kuwa kuwaka peke yake hakuthibitishi kitu: almasi halisi huweza kuwaka au isiwake, na bandia vivyo hivyo.

Haya, la kwako. Unanijua ninavyosema: almasi hutazamwa, haisomwi. Hata GIA, maabara ya Marekani inayopima almasi na kutoa vyeti, haiihesabu fluoresensi kuwa daraja la ubora. Inaiandika kama kovu linavyoandikwa kwenye kitambulisho. Mwaka 1997 walichapisha utafiti wao: watu wa kawaida waliowekewa mawe mbele hawakuona tofauti, na wazoefu waliona kuwa jiwe lenye bluu kali, likitazamwa kutoka juu, linaelekea kuonekana na rangi nzuri zaidi. Ndiyo maana kwenye rangi kama hiyo yako ya I, yenye unjano kidogo, bluu inaweza hata kukusaidia, kwa kuwa inaufunika ule unjano. Wanaoogopa zaidi ni wauzaji wa zile D hadi F, zisizo na rangi, na woga wao ndio unaoshusha bei.

Lakini nisikudanganye. Yapo mawe machache yenye bluu kali ambayo juani yanakuwa na ukungu, kama miwani iliyopanguswa kwa kidole chenye mafuta. Hilo ndilo la kukimbia. Na dukani hutaliona, kwa sababu taa za LED karibu hazina urujuanimno kabisa. Omba uyatoe mawe yote mawili nje mchana, kivulini kwanza, kisha juani, uyaweke bega kwa bega. Anayekukatalia, muage.

Almasi hutazamwa, haisomwi. Ingawa... ningekuwa na cheti mkobani usiku ule, kingesema wazi kuwa jiwe langu lina bluu kali na ni almasi, shangazi yako angenyamaza, nami nisingemtilia shaka mume wangu kwa wiki tatu. Basi isome pia. Isome, halafu itazame. Afadhali nimekubali.

Ungenibana ungenisikia nikitaja moja ya hizo mbili, na unajua ni ipi. Hujanibana, kwa hiyo sijasema. Atakayeivaa ni mkwe wangu, mwenye macho yake, na katika ujumbe wote ule hukuandika hata mstari mmoja kuhusu yeye anapenda nini. Umemwonyesha?

Siku ile kwa sonara niliivaa pete palepale nikarudi nayo nyumbani. Baba yako alikuwa mlangoni anafunga kamba za viatu. Akaniangalia mkono, akarudi kwenye kamba zake, akasema, "Kidole kimepona?" Nikamwambia kimepona. Mpaka leo sijui alijua kiasi gani, na wewe usimwambie.

Mama yako