Magnesiamu ya usingizi, ya moyo, ya ubongo: ninunue ipi?

SWALI: Nina miaka 63, naishi Tanga. Usiku misuli ya miguu inanikaza mpaka naamka. Muuzaji wa Instagram ameniambia nichukue chupa mbili, glaisineti ya usingizi na sitreti ya misuli. Duka la dawa la jirani lina oksaidi tu, bei rahisi, imeandikwa miligramu 500. Natumia dawa ya presha, na omeprazoli ya kiungulia huu mwaka wa pili. Ninunue ipi?

JIBU: Mama, tuanze na hiyo omeprazoli. Ukiimeza muda mrefu inaweza kushusha magnesiamu mwilini, na dawa za presha zile za kukojosha huweza kufanya vivyo hivyo. Usiziache kienyeji. Rudi kwa daktari akupime magnesiamu, potasiamu na kreatinini (kipimo cha kazi ya figo). Kama hakuna upungufu, kwa umri wako tafiti hazijaonyesha kwamba vidonge hivi vinasaidia kitu cha maana kwa misuli inayokaza usiku.

Sasa hili la "ya usingizi" na "ya misuli" limenichosha. Magnesiamu si daladala, eti hii kibao chake Moyo, ile Ubongo. Majina kama oksaidi, sitreti na glaisineti ni ya mwenzake aliyefungwa naye kwenye kidonge. Tumboni wengi huachana, na magnesiamu inayoingia kwenye damu ni ileile. Tofauti ni kiasi kinachofyonzwa na namna utumbo unavyoipokea. Oksaidi ni magnesiamu karibu asilimia 60 kwa uzito, ila hufyonzwa kidogo. Inayobaki huvuta maji utumboni, ukashinda chooni. Sitreti ni kama asilimia 16, hufyonzwa vizuri zaidi, na mwenye choo kigumu ataishukuru. Glaisineti, kama 14, ndiyo tumbo huivumilia zaidi. Threoneti ya "ubongo" ilianza kupata sifa kwa panya wa maabara, bei ikapaa. Kwa hiyo achana na 500 ya mbele ya chupa. Geuza nyuma, usome magnesiamu yenyewe ni miligramu ngapi.

Juzi mteja alipanga chupa tatu kwenye kaunta yangu: moyo, ubongo, usingizi. Nikazigeuza, nikajumlisha: zaidi ya miligramu 600 kwa siku, wakati kikomo cha Marekani kwa virutubisho ni 350, na Ulaya 250. Alikuwa amekuja kununua dawa ya kuzuia kuhara!

Yeye ana bahati, figo zake nzima. Mwenye figo dhaifu, mwili wake hautoi ile ya ziada: presha inashuka, mwili unalegea, mapigo ya moyo yanapungua, na hali hiyo inaweza kuua. "Ni madini ya asili tu" haijawahi kuwa kinga.

Halafu kuna dawa ambazo magnesiamu huzing'ang'ania tumboni zisifyonzwe: antibiotiki za doksisaiklini na siprofloksasini, dawa ya tezi ya levothairoksini. Na ARV zenye dolutegravir, ambazo wengi wetu sasa ndizo wanameza. ARV hizo zinywewe saa mbili kabla ya magnesiamu au saa sita baada yake, na hata vidonge vya kutafuna vya kiungulia vyenye magnesiamu vinahesabiwa. Muuzaji wa Instagram hatakuuliza kama unazitumia, na wewe hutamwandikia hilo kwenye komenti.