Kabla hujapanga foleni ya saa sita usiku

Msomaji mmoja, kijana wa Kitanzania anayeishi Marekani, ameniuliza: gemu ya GTA VI (Grand Theft Auto) ikitoka, akapange foleni dukani usiku wa manane au ailipie mapema mtandaoni? Namjibu hapa hadharani, maana swali hili wanalo wengi: asifanye lolote kati ya hayo mawili.

Foleni ina maana pale kitu kinapokuwa kichache. Novemba 2006, PlayStation 3, mashine ya Sony ya kuchezea gemu, ilipotoka Marekani kwa dola 499 na 599, watu walilala nje ya maduka kwa sababu mashine zilikuwa za kuhesabu. Gemu haiishi. Ukiipakua saa sita usiku au Jumamosi asubuhi ni ile ile, na ya Jumamosi mara nyingi imeshapata sasisho la kurekebisha kasoro za mwanzo.

Kama ni konsoli mpya, yaani mashine yenyewe ya kuchezea, nenda, ila piga simu dukani siku moja kabla. Uliza wamepokea ngapi na ngapi kati ya hizo zimeshalipiwa. Duka likiwa na 60, na 55 zina wenyewe, zimebaki tano tu. Ukiwa wa kumi kwenye foleni ya wasioagiza, rudi nyumbani ukalale.

Ukikabidhiwa boksi, usitoke nalo hivi hivi. Usiku ilipotoka Switch 2, konsoli ya Nintendo, Juni 2025, duka moja la New York lilibana risiti kwa stepla juu ya maboksi. Kwenye boksi lile mashine imelala juu kabisa, chini tu ya kifuniko, na pini zikapenya katoni zikatoboa skrini. Fungua palepale kaunta, uwashe, uangalie kioo chote kwenye mwanga. Ni dakika tano tu, na muuzaji bado yuko mbele yako.

Halafu soma jalada la gemu yenyewe. Baadhi ya gemu za Switch 2 huuzwa kama kadi ya ufunguo: ndani ya kasha mna kadi, lakini gemu haimo. Utaipakua yote, na bado kadi lazima iwe imechomekwa ndipo ucheze. Alama yake iko chini ya jalada, upande wa mbele. Na kadi ya kumbukumbu ya Switch ya zamani haitahifadhi gemu za mashine hii. Inataka microSD Express, aina mpya ya kadi yenye kasi zaidi. Anayemtumia mdogo wake zawadi Dar au Mombasa alijue hili kabla ya kulipa, maana bando litakwenda huko. GB 100 kwa kasi ya Mbps 20 ni saa kumi na moja, tena laini isipokatika.

Sasa kulipia mapema. Hapa ndipo watu wanapoumia zaidi, na inaniudhi. Gemu ya Cyberpunk 2077 ilitoka tarehe 10 Desemba 2020. Waandishi wa hakiki walikuwa wamepewa ya kompyuta tu. Ya PS4 (PlayStation 4) hawakuiona mpaka siku ya kutoka, na kwenye PS4 ilikuwa inakwama na kuzima. Wiki moja baadaye Sony wakaiondoa kwenye duka lao hadi Juni 2021. Mwaka 2014, hakiki za gemu ya Assassin's Creed Unity zilizuiwa mpaka saa kadhaa baada ya mauzo kuanza. Kampuni ikificha hakiki za mashine yako, shika pesa yako.

Kama umeshalipa, ujue njia ya kutokea. Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, hurudisha pesa ndani ya siku 14 ukiwa umecheza chini ya saa mbili. PlayStation ni kali zaidi: ukishaanza kupakua, kwa kawaida umekwisha, isipokuwa gemu iwe mbovu. Kwa hiyo zima upakuaji wa moja kwa moja kwenye mipangilio.

Na GTA VI yenyewe imesogezwa mara mbili: kwanza ilikuwa 2025, ikawa 26 Mei 2026, kisha ikatangazwa 19 Novemba 2026. Imetangazwa kwa PS5 na konsoli za Microsoft, Xbox Series X na S, kwa hiyo mwenye PS4 asilipe kitu. Wewe subiri siku ya pili, utafute video ndefu iliyorekodiwa na mnunuzi wa kawaida kwenye konsoli ya aina yako, si trela. Tazama anavyoendesha gari katikati ya mji wenye watu wengi. Kama inakwama, itakwama hapo.