Gari la zamani: likiwa baridi linawaka, likipata joto linagoma. Lipime likiwa limegoma

Mkuu, umeeleza vizuri. Gari la petroli la mwaka 1984, lina kabureta (kinachochanganya petroli na hewa) na distributa (inayogawa umeme wa cheche kwa kila plagi). Asubuhi linashika kwa stata ya kwanza. Ukiendesha nusu saa, ukazima, ukarudi baada ya dakika kumi, stata inazunguka kwa nguvu zilezile lakini injini haishiki. Ukiliacha kama dakika 40 linawaka lenyewe. Fundi ameshabadilisha plagi, akabadilisha koili (inayokuza volti za betri ziwe za cheche), na sasa anataka kubadilisha pampu ya mafuta.

Usinunue pampu bado.

Nilipita njia hiyohiyo kwa karibu miezi saba, na gari langu lilikuwa la aina hiyohiyo ya mfumo: koili, distributa yenye pointi (vinundu viwili vya chuma vinavyofunga na kufungua umeme), kabureta. Nilibadilisha plagi, koili, rota (kipande kinachozunguka ndani ya distributa), kepu (kifuniko chake) na waya za plagi. Kabureta ilifunguliwa mara mbili. Kila mara gari lilikokotwa mpaka gereji, likalala, asubuhi fundi akaliwasha mara kumi na likawaka mara kumi. Hakuwa mzembe. Ubovu unaokuja na joto huondoka na joto, kwa hiyo ukimpelekea gari lililopoa unampelekea gari zima, na yeye hana la kufanya ila kukisia. Kila alichokisia nilikilipia mimi.

Ubovu wenyewe ulikuwa kwenye waya mfupi kama kidole, ndani ya distributa. Nitaufikia. Kwanza nikueleze unachotakiwa kufanya siku litakapogoma tena, kwa sababu una dakika chache tu kabla halijapoa, na vifaa vinapaswa kuwa tayari ndani ya gari: plagi moja nzima ya akiba, koleo lenye mikono ya plastiki, balbu ndogo ya volti 12 yenye nyaya mbili, chupa ya maji na kitambaa.

Swali la kwanza ni moja tu: kinachokosekana ni cheche au ni mafuta? Mpaka ulijibu hilo, kila unachofungua ni bahati nasibu. Chomoa waya wa plagi moja, uchomeke kwenye ile plagi ya akiba, ulaze chuma cha plagi kigusane na chuma cha injini mbali na kabureta, ushikilie kwa koleo, na mwenzako apige stata. Cheche nzuri ni ya buluu na unaisikia ikilia. Cheche ya njano au nyekundu, nyembamba, ni dhaifu, na dhaifu mara nyingi haitoshi ndani ya silinda, maana huko hewa imebanwa na umeme unapata kazi zaidi kuruka. Usiache waya wa plagi ukining'inia hewani huku stata inapigwa. Umeme wa maelfu ya volti ukikosa pa kutokea hupasua njia ndani ya koili au ndani ya kepu, na hapo utakuwa umejiongezea ubovu wa pili.

Ukiona cheche nzuri ya buluu gari likiwa limegoma, achana na umeme, nenda kwenye mafuta. Toa kichujio cha hewa, stata isipigwe na mtu, chungulia kooni mwa kabureta huku ukivuta kwa mkono wenzo wa mafuta, ule unaovutwa na pedali. Kila ukivuta unapaswa kuona uzi wa petroli ukiruka ndani. Usipouona, kabureta ni kavu. Ukiuona, na harufu ya petroli ni kali, na plagi ukiifungua imelowa, injini imefurika.

Yote mawili yanaweza kuletwa na joto. Watu wengi hudhani injini ikizimwa inaanza kupoa mara moja. Sivyo. Feni imesimama na maji hayazunguki tena, kwa hiyo joto la bloku na la ekzosi hupanda juu chini ya boneti, na kwa muda kabureta huwa na joto kuliko lilipokuwa barabarani. Sehemu nyepesi za petroli huanza kuchemka kwenye nyuzi kama 35 hadi 40 tu. Petroli ikichemka kwenye bakuli la kabureta humwagikia ndani ya injini na kuifurisha. Ikichemka ndani ya bomba kabla ya pampu, pampu hubaki inavuta mvuke. Kwa injini iliyofurika, kanyaga mafuta mpaka chini, ushikilie hapohapo bila kupampu, upige stata kwa sekunde kumi hivi. Njia ya hewa ikiwa wazi kabisa, petroli iliyozidi inakaushwa. Kwa mvuke bombani, lowesha kitambaa, ukikunje juu ya pampu na bomba lake, usubiri kidogo. Likiwaka, umepata jibu, na dawa huenda ni kusogeza bomba mbali na ekzosi au kurudisha kinga ya joto ambayo mtu aliitoa zamani. Pampu yenyewe inaweza kuwa nzima kabisa.

Sasa tuchukue kwamba cheche hakuna, au ni ya njano. Kwa dalili ulizoeleza, dau langu liko hapa, na ningependa ukae hapa muda mrefu zaidi.

Mfumo wa gari lako ni uleule wa misingi aliyobuni Charles Kettering, ambao Cadillac ya mwaka 1912 ilitoka nao pamoja na stata ya umeme. Umeme wa betri unaingia koili upande wa chanya, unatoka upande wa hasi, unakwenda kwenye pointi ndani ya distributa, na pointi zikifunga unarudi kwenye bodi ya gari. Pointi zikifunguka, mkondo unakatika ghafla, na kukatika huko ndiko kunakozaa cheche. Kwa kuwa ni mfumo rahisi hivyo, balbu moja inausoma wote.

Washa swichi. Gusisha waya mmoja wa balbu kwenye chuma cha injini na mwingine kwenye chanya cha koili. Iwake. Isipowaka, umeme haufiki kwenye koili; kagua swichi, fyuzi au viungo vya waya. Ikiwaka, hamisha kwenye hasi ya koili, mwenzako apige stata. Balbu inapaswa kuwaka na kuzimika, kuwaka na kuzimika, kadiri pointi zinavyofunguka na kufunga. Ikicheza hivyo na cheche bado hakuna, tazama koili, kondensa (kikopo kidogo kinachozuia pointi zisirushe cheche), rota na kepu. Ikibaki imezima moja kwa moja, ama koili imekatika ndani, ama kuna mahali umeme unavujia kwenye bodi kabla ya pointi, ama pointi hazifunguki; kondensa iliyokufa kwa kujishikisha ndani hufanya hivyohivyo. Ikibaki imewaka moja kwa moja, umeme haupati njia ya kurudi kupitia pointi: zimechafuka, hazifungi, au waya umekatika.

Yangu ilibaki imewaka moja kwa moja.

Nilifungua kepu papo hapo kando ya barabara, injini ikiwa bado ya moto. Pointi zilikuwa safi na zilifunga. Nikashika ule waya mwembamba unaoingia distributa kutoka koili kwenda kwenye pointi, nikausogeza kwa ncha ya bisibisi, na balbu ikazima. Nikauachia, ikawaka. Ganda la waya lilikuwa zima, halina hata mkwaruzo. Ndani, nyuzi za shaba zilikuwa zimekatika. Ile sahani iliyobeba pointi husogezwa na kifaa cha vakyumu (kinachovutwa na mnyonyo wa hewa wa injini) kila unapokanyaga na kuachia mafuta, kwa hiyo waya huo unapindwa maelfu kwa maelfu ya mara, miaka yote. Ganda lilikuwa limekakamaa kwa uzee. Injini ikipata joto kila kitu kilitanuka kidogo, ncha mbili zikaachana. Ikipoa zikagusana. Nilikata kipande, nikaweka waya laini wa nyuzi nyingi, na gari halikugoma tena kwa tatizo hilo. Kuna waya wa pili humo ndani wa kuangalia vilevile, ule unaoiunganisha sahani ya pointi na mwili wa distributa. Nao hukatika kwa namna hiyohiyo.

Simaanishi lako lazima liwe hivyo. Namaanisha kwamba balbu ilinipa jibu kwa chini ya dakika moja baada ya miezi saba ya vipuri, kwa sababu tu niliiweka pale wakati gari limegoma.

Kondensa ndiyo mshukiwa wa karibu zaidi baada ya nyaya. Ni kikopo kidogo, mara nyingi kama mikrofaradi 0.2 hadi 0.3, na tabia yake ya kufa ni hii uliyoeleza: baridi inafanya kazi, ikipata joto inalegea. Alama yake ni cheche kubwa inayoonekana kwenye pointi zenyewe huku ile ya kwenye plagi ikiwa dhaifu, na pointi zinazoungua upesi. Hata mpya inaweza kuwa mbovu, kwa hiyo ile ya zamani usiitupe mpaka gari limalize wiki kadhaa.

Kuhusu koili mpya uliyowekewa, hapa nina wasiwasi. Kuna koili za aina mbili zinazofanana kwa macho. Moja ina ukinzani wa karibu omu 3 kati ya chanya na hasi, inapokea volti 12 moja kwa moja na kuchukua kama ampia 4. Nyingine ina omu 1.5 hivi, na imetengenezwa kufanya kazi pamoja na kipingamizi cha nje, ama kile cha kauri kinachoonekana, ama waya maalumu uliofichwa ndani ya fungu la nyaya. Ukiweka ya omu 1.5 kwenye gari lisilo na kipingamizi, inachukua kama ampia 8: inachemka, inaunguza pointi, na ikishachemka inaweza kugoma. Soma maandishi ubavuni mwa koili, upime kwa multimeta (kipima umeme) huku umechomoa nyaya zake. Inawezekana ulianza na ubovu mmoja na sasa unao wawili. Na iwe ya aina gani, usiache swichi imewashwa muda mrefu injini ikiwa imezima. Pointi zikiwa zimefunga, koili inapikwa bure.

Kitambaa cha maji kinafaa hapa pia. Gari limegoma, cheche hakuna: kiweke juu ya koili peke yake, dakika mbili tatu, swichi ikiwa imezimwa, na maji yasiingie kwenye distributa. Cheche ikirudi, ni koili. Kama distributa yako haina pointi bali ina moduli ya kielektroniki, fanya vivyo hivyo kwenye chuma cha moduli, maana nazo hugoma zikipata joto. Poza kitu kimoja kwa wakati mmoja, la sivyo hutajua kilichokujibu ni kipi.

Kepu na rota mara nyingi hazina uhusiano na joto, zina uhusiano na unyevu. Tafuta mstari mweusi mwembamba kama uliochorwa kwa penseli ndani ya kepu. Hiyo ni njia umeme umejichongea. Usiku, boneti wazi, injini ikinguruma, nyaya mbovu utaziona zikimulika zenyewe.

Mwenzetu aliyeongeza kwamba lake linapiga "tik" moja tu na stata haizunguki kabisa, hilo ni jambo tofauti. Pima betri gari likiwa limetulia: 12.6 imejaa, 12.0 karibu imekwisha. Ikiwa imejaa, weka waya mmoja wa multimeta kwenye nguzo yenyewe ya hasi ya betri na mwingine kwenye chuma cha injini, mtu apige stata. Ukisoma zaidi ya nusu volti, waya wa hasi au viungo vyake vina kutu, na betri mpya haitasaidia. Safisha mpaka chuma king'ae, kaza, upime tena.

Na wewe mwenye gari la 1984, pima hilo pia ingawa stata yako inazunguka. Betri ikishuka chini ya volti 9.6 hivi wakati wa stata, koili inapata umeme mdogo na cheche inadhoofika wakati uleule unapoihitaji.

Pengo la pointi katika magari mengi ya aina hii ni karibu milimita 0.4, plagi 0.6 hadi 0.8, lakini fuata kitabu cha gari lako. Weka balbu kwenye gari leo. Likigoma, andika hapa ilifanya nini kwenye hasi ya koili, na koili mpya ina omu ngapi, tuendelee kuanzia hapo.